Mkono Ulioingia Pembeni

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Barua yako imefika hapa Katandala, pamoja na ile picha yetu ya Krismasi iliyopita. Ulezi tumeshavuna, magoti yangu yananisumbua kidogo, bibi yako mzima kabisa.

Unauliza mkubwa wako wa kazi anajuaje kwamba picha ya habari imepangika vizuri. Nilipokuwa kijana, nikilipigia gazeti picha, nilitumwa Kasense kwenye ufunguzi wa zahanati. Mgeni rasmi aliposhuka garini, akina mama walichuchumaa wakampigia makofi ya salamu, kama ilivyo desturi yetu. Nikapiga moja ya harakaharaka, kisha nikasubiri wainuke, wajipange, nikapiga nyingine safi.

Mhariri wetu, mama asiye na maneno mengi, aliziweka zote mbili mezani, akawa anaziba sehemu kwa kiganja. "Nikimziba huyu, habari inabaki?" Katika ile safi aliziba nusu ya watu, wala hakikupungua kitu. Katika ile ya haraka, alipoiziba mikono ya wale akina mama, furaha yote ilipotea. Ikachapwa hiyo. Namshukuru mpaka leo, maana tangu hapo nawatazama watu kwa namna nyingine.

Sasa unaomba radhi kwamba mkono wa bibi yako, ulioshika mwiko, umeingia pembeni mwa picha yetu, na unataka kuukata. Nimeuziba kwa kiganja: tumebaki watu tuliosimamishwa ukutani. Nimeuachia: tunaitwa kula.

Usiukate, mama. Naishia hapa, mkono wenyewe unaniita mezani.

Babu yako