Maua Chini ya Shitingi

Nakivale, 12 Aprili

Kwako Yaya Clémence, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na watoto. Miguu yako inaendeleaje na kule kusimama sokoni Mbarara kutwa nzima? Sisi huku bado tunapumua, mwingine kwa shida; nitafika hapo.

Kwanza nyanya. Zilitoa maua mingi, yaya, mpaka wapita njia wakawa wanasimama kutazama. Kisha yakaanza kuanguka. Kikonyo kinageuka manjano pale kwenye kifundo, ua linadondoka, tunda hamna. Mama akasema nyanya zangu ni kama kwaya yetu: sare nzuri, sauti hakuna. Nikakuandikia kwamba mbegu ni mbovu, nawe ukaenda kumfokea Yasiin, muuza mbegu, mbele ya wateja wake.

Mwombe msamaha. Mbegu ni nzima. Mashina manne ya pembeni, ya pakiti ileile, yamezaa vizuri. Hayo ndiyo shitingi haikuyafikia. Niliogopa mvua ya mawe, nikaifunika bustani kwa ile plastiki nyeupe ya kuezekea nyumba. Juzi mchana niliingia chini yake nikakaa kama ua: joto la ndani ya chungu, upepo hakuna hata kidogo. Kumbe ua la nyanya hutaka kutikiswa na upepo ndipo lishike tunda, na joto likizidi unga wake unakufa. Sikufundishwa na mtu. Nilikaa nikatokwa jasho, nikaelewa. Nilichelewa wiki tano tu.

Sasa utauliza shitingi niliitoa fasi gani. Yaya, niliitoa kwenye paa, juu ya kitanda cha mama, nikaacha nyasi tupu. Nikamdanganya kwamba watu wa ofisi ya kambi wameichukua, wataleta mpya. Alifurahi, akawaombea baraka. Mvua ikamnyeshea siku nne, naye ananituliza mimi, eti nivumilie, mpya iko njiani.

Nimeirudisha, lakini jua limeipasua, hata yeye hakujua kuwa ni ileile; anadhani ni kuukuu ya kuazima tu. Tangu Jumapili kifua kinambana na chakula hakipiti. Muuguzi amesema apelekwe hospitali Mbarara leo, siyo kesho. Mama amekataa kutoka. Anasema akiondoka, nani atapokea shitingi mpya?

Nimesimama mlangoni mara tatu nimwambie ukweli. Kila mara narudi bustanini. Barua hii nampa dereva sasa hivi; ukiipata, panda gari la kwanza, yaya. Umwambie wewe, au umbebe hivyohivyo akiwa anangoja.

Watoto wape salamu zangu, na jirani zako wote.

Ndimi mdogo wako,
Bienvenu