Vioo vya Pikapu na Mama Mkwe

Baba Scolastika,

Nimekwenda njia panda kumpokea mama yangu kwa miguu, maana amesema gari lako hapandi. Mwalimu Nkwabi alipita na baiskeli ukiwa umelala, akaleta ujumbe wa mama: "Mkwe wangu ameota mapembe."

Ukiamka, isogeze pikapu kivulini. Kamua ndimu zote za kwenye kapu, loweka kitambaa, ukibandike kwenye vioo mpaka chumvi ilainike, ndipo ufute. Suuza kwa maji ya mvua ya kwenye pipa, SIYO ya kisima! Kausha hapo hapo. Waya wa kusugulia sufuria usiuguse.

Nilikuambia jana, maji ya kisima chetu yana chumvi, hayaoshi gari juani. Ukasema litang'aa. Likatoka madoadoa kama kanga! Leo asubuhi ukafuta palipo mbele ya usukani tu, tukampita mama bila kumwona, kumbe yuko kando ya barabara anapunga mkono, kwapani kuku aliyekuletea wewe.

Akifika, mwombe radhi. ~~Mwambie hata mimi sikumwona.~~ Mwambie ulikuwa peke yako. Kwa vioo vile hakuniona, na mimi mama ninaye mmoja tu. Wewe lawama umeshazizoea.

Mkeo, ambaye hakuwemo garini