Ufuta Nilioutaja Darasani

Korogwe, shuleni

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, sijui ninyi huko Handeni. Goti la Bibi limepoa? Mvua imewaacha mmalize kuanika ufuta?

Huo ufuta ndio umenifanya niandike, na naandika kwa aibu.

Tulipata mgeni wa kutufundisha ujasiriamali. Alifundisha vizuri, simnyimi haki yake: tuanike juu ya turubai, tusichanganye na mchanga, maana wanunuzi wa nje ya nchi wataukataa. Akasifu agizo la serikali kwamba ufuta upitie ghala la chama cha ushirika, uuzwe kwa mnada, wanunuzi washindane mbele ya mkulima. Kisha akatupa kazi: tuandike kwa Kiingereza kuhusu biashara ya nyumbani.

Baba, unanijua, nikiitwa jina tu darasani natetemeka. Lakini kwa Kiingereza, kwenye karatasi, sioni haya. Ni kama anasema mtu mwingine. Nikaandika yote: kijiji, chumba ulimoweka magunia, hata kwamba hujaupeleka ghalani. Zuhura, ninayekaa naye dawati moja, akasoma akacheka: "We bubu, leo umemfungulia mgeni stoo ya baba yako!"

Nami nikacheka. Ila baadaye mgeni aliniita nje, mimi peke yangu.

"Baba ameshapeleka ghalani?"

"Bado."

"Basi usimhimize. Nitapita nimsalimie, nimwambie umenituma."

Nyuma ya gari lake niliona mizani na magunia matupu. Zuhura anasema labda ni vya kufundishia. Mbona darasani hakuvishusha?

Huenda namsingizia, Mungu anisamehe. Lakini akiununua hapo nyumbani, bei ataitaja peke yake, na lawama ya kukwepa ghala itakuwa yako. Nawe nakujua: kwetu mleta salamu za mtoto huchinjiwa kuku, na akishakula hanyimwi kitu. Yule aliyeleta salamu za Kaka si aliondoka na mbuzi kwa bei aliyoipanga mwenyewe?

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi. Tafadhali upeleke ufuta ghalani kabla mgeni hajafika.

Mwambie Mama sanduku langu la shule bado linafungika, Bibi apumzishe goti, na mdogo wangu asichoree madaftari yangu. Salamu zangu zote zimo humu, nimezimaliza. Atakayekuja na nyingine, mpe maji ya kunywa, umwambie mwanao hajamtuma.

Binti yako asiyesema,
Mwanaidi