Baba Ananilaumu kwa Sheria ya Kinamasi

Mama Nuala mpendwa, nisaidie maana nimeishiwa la kufanya, na usinicheke, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane lakini bado namlilia baba yangu. Nilizaliwa Ayalandi, mashariki ya Galway, ambako baba, Colman, kila Mei alikata udongo wa kinamasi, tukauanika, ukikauka tukauchoma jikoni badala ya kuni mwaka mzima, na Kiayalandi changu nilikipata palepale, yeye anakata huku ananisimulia, na ndicho kilichonipa kazi ya kutafsiri sheria za Ulaya huku Brasels. Basi ikaja amri kwamba kinamasi chetu kinahifadhiwa, hakuna kukata tena, na nilipokwenda nyumbani Krismasi nikamkuta na waraka wa Ulaya wa Kiayalandi mezani, akaniuliza, "Eithne, maneno haya ni yako?" Nikasema ndiyo, baba. Akasema, "Umeyapanga vizuri. Sasa nenda ukaote moto kwa hao waliokutuma."

Miaka mitatu sasa hatusemezani. Nikipiga simu kaka yangu Fintan anasema, "Mzee yuko zizini," nami namsikia akikohoa hapohapo. Juzi Fintan kaniambia, "Anasema ukiacha kazi hiyo, mlango uko wazi." Huku nyumba yangu ina joto kila chumba, lakini nina sweta la zamani ambalo nilikuwa nalinusa nipate moshi wa kwetu, siku moja nikalifua bila kufikiri, nikakaa chini nikalia. Niache kazi, Mama, au nimwache baba?

Eithne, Brasels

Eithne binti yangu, pole sana. Ila sasa nisikilize.

Sheria hukuitunga wewe. Waliikubali wale tuliowapigia kura, mimi na baba yako tukiwamo. Waziri hamfikii, ndiyo maana anakuchapa wewe uliye karibu. Hapo kakosea. Na wewe je? Miaka mitatu umekaa unasubiri simu kama mgeni! Unamwogopa mzee anayejificha nyuma ya Fintan?

Kazi usiache. Ukiiacha kinamasi hakirudi, na wewe utamnunia kila ukimmiminia chai. Chukua likizo wiki mbili Mei hii. Usimtaarifu mtu. Ingia kwa mlango wa nyuma kama mlivyozoea. Akinyamaza, osha vyombo. Akikufokea, mjibu kwa Kiayalandi. Usimtetee mtu yeyote wa Ulaya mbele yake, na usiombe msamaha kwa kazi halali. Halafu mwombe mwende kinamasini mikono mitupu, akutajie kila ndege na kila jani kwa jina. Ana maneno ambayo kamusi zenu hazina, na hana mwingine wa kumwachia.

Mimi na baba yangu tuligombana kwa ajili ya kura ya maoni ya kuruhusu talaka nchini, mwaka tisini na tano. Upande wangu ulishinda. Alikufa Machi iliyofuata, hatujasemezana, na mpaka leo sikumbuki vizuri sauti yake.

Kata tiketi leo.