Kaka Ameiomba Skrini Msamaha

We, kaa chini kwanza.

Skrini mpya ya gemu ya kaka ilikuwa inapepesa tangu asubuhi. Mama akasema ikipepesa tena, inarudi dukani. Kaka akaniita nimwokoe.

Nikaikagua kama daktari bingwa. "Uliitukana ulipofungwa kwenye gemu. Fumba macho, uiombe msamaha."

Akafumba. Nasema AKAFUMBA! "Nisamehe, sitarudia."

Nami nikazima ule mpangilio unaoifanya skrini ibadilishe kasi ya picha kufuata gemu. Ikatulia tuli.

Mama akaingia, akamuuliza kaka. "Umeitengenezaje?"

"Nimeiomba msamaha."

"Umeiomba nini?"

"Msamaha, mama."

Mama akamtazama weee. "Haya, kaiombe na pasi, imegoma tangu juzi."

Ameenda! Namsikia akiibembeleza, injinia mtarajiwa wa ukoo wetu.