Aliyewamba Banjo Langu

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba msaada wako, ila nikutoe wasiwasi mapema kwamba nakuandikia nikiwa nimeshusha pumzi, maana barua hii ningeiandika wiki iliyopita ungedhani imetoka kwa mtu aliyefiwa.

Mimi ni mpiga banjo katika bendi ya harusi, na banjo langu halikununuliwa dukani, lilitengenezwa kwa ajili yangu tangu nikiwa mdogo, shingo yake nyembamba kuliko ya kawaida na nyuzi zimepangwa kinyume kwa sababu natumia mashoto, wala halina jina la fundi popote, nami nimekua nikiambiwa na mama kwamba ni zawadi ya baba, hivyo kila tukipanda jukwaani nawaambia watu kuwa hili ni kazi ya mikono ya marehemu baba yangu, watu wanapiga makofi, na mama akiwepo naye anapiga.

Sasa shangazi yangu, dada yake baba, alikuja kwangu akanikuta najisifia mbele ya wageni, akacheka mpaka akaweka kikombe chini, akasema, "Kaka yangu huyuhuyu karani, aliyekuwa akiita jirani aje ampigilie msumari wa kutundikia kalenda? Tena aliyekuwa anakuchapa ukishika kijiko kwa kushoto, ndiyo akutengenezee banjo la kushoto? Muulize mama yako vizuri. Fundi wa hilo banjo anamjua yeye." Kisha akaomba aongezewe sukari, kama vile hakusema kitu.

Mshauri, usingizi ulinihama. Nilianza kujitazama kwenye kioo, pua hii ya nani, masikio haya ya nani, mashoto haya nimeyatoa wapi, nikampigia mama simu nikamzunguka kwa maneno, "Hivi mama, baba banjo langu alilitengenezea wapi?" akanijibu, "Si hapahapa nyumbani? We ulikuwa umelala," halafu akaniuliza kama nimekula, nami nikasema moyoni, hapa nafichwa jambo, mimi si mtoto wa baba.

Nikaamua kulifungua banjo mwenyewe, kwa kuwa ngozi yake nayo ilikuwa imeanza kuchanika pembeni. Nilipoibandua nikakuta misumari mifupi ya vichwa vipana, ile inayotumika kwenye makochi, na chini kabisa, zinapofungiwa nyuzi, kuna tundu moja lisilo na msumari, limezibwa kwa njiti ya kiberiti iliyokatwa ikawa sawasawa na mbao. Mshauri, mama yangu ni fundi wa makochi. Anafanya kazi uani kwetu tangu sijazaliwa, misumari mdomoni, na ana tabia moja ambayo hata wateja humtania: hupiga msumari wa kwanza wa kushikilia kitambaa, akimaliza kochi zima anaung'oa, anasema huo ulikuwa wa kuazima, na tundu lake analiziba kwa njiti ya kiberiti. Utotoni nilikuwa najificha chini ya makochi yale na kuzigusa njiti hizo kwa kidole. Basi nikakaa sakafuni nikacheka peke yangu mpaka mke wangu akaja mbio akidhani nimejikata. Fundi niliyekuwa namwogopa kumbe ni mama.

Furaha yangu haielezeki, lakini Jumamosi bendi ina onyesho kubwa, kiongozi wetu ameandaa maneno ya kumsifu baba kama fundi, na mama atakaa mbele kabisa. Nikinyamaza, sifa zake zinaendelea kwenda kwa mtu ambaye hakushika nyundo. Nikisema, namvua baba nguo mbele za watu, ilhali aliyemvisha ni mama mwenyewe. Nifanyeje?

Mpiga banjo wa mashoto

*

Wa mashoto,

Pole, na hongera. Pole kwa usingizi, hongera kwa kuwa mtoto wa wazazi wako wote wawili. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Neno moja la shangazi, tena la kusindikizia chai, likakufanya uanze kuikagua pua yako. Ukampigia mama yako simu ya kumpeleleza, naye akakuuliza kama umekula. Aibu hiyo ni yako, ibebe kidogo, haitakuua.

Halafu nani kakwambia alikudanganya? Lilitengenezwa nyumbani, ulikuwa umelala, yote kweli. Na zawadi ya baba huenda ilikuwa ya baba kweli. Mwanamume aliyekuchapa kwa ajili ya kijiko, akajuta, akakosa mdomo wa kukuomba radhi, anaweza kumwambia mkewe, mtengenezee mtoto kitu cha mkono wake. Au mama yako alibuni peke yake, ili usimkumbuke baba yako kwa fimbo tu. Mimi sijui, wewe hujui. Anayejua yupo hai, yuko uani na misumari mdomoni, na wewe unaniandikia mimi.

Fanya hivi. Banjo hilo usilipeleke kwa fundi mwingine yeyote. Lichukue hivyohivyo lilivyofunguliwa, njiti ionekane, uliweke juu ya meza yake ya kazi na kusema, "Mama, ngozi imechanika." Usiongeze neno. Akichukua nyundo bila kukuuliza kitu, umeshajibiwa. Mwache afanye kazi, atasimulia mwenyewe mikono ikiwa na shughuli. Akinyamaza, mshikie ngozi.

Kisha muulize Jumamosi lisemwe nini, na atakachosema ndicho hichohicho, usikitie chumvi. Akitaka liendelee kuwa la baba, litakuwa la baba, na wewe utajua unayempigia. Kiongozi wenu mwambie hotuba yake aikunje kwanza. Shangazi naye mpe kiti cha mbele, ubavuni kwa wifi yake, bila maelezo yoyote, na apige makofi kama wengine.

Na machozi yakikutoka pale mezani, usiyafiche. Ngozi mpya lazima ilowe kwanza ndipo mama yako aiwambe.