Maji Moto kwa Minazi ya Moa

Barabara ya Tisa,
Ngamiani,
Tanga.
14 Februari 1954

Mpendwa ndugu yangu Khatib,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Wete, wewe na Mwanaasha na watoto, na kwamba kile kikohozi kilichokushika wakati wa kuchuma karafuu kimekwisha kwenda zake. Sisi hapa tu wazima. Mke wangu Sabiha alipata homa mwezi jana, akameza kwinini, sasa amesimama na anagombana na muuza maji kama kawaida yake. Joto la kaskazi halijapungua. Gazetini tuna kazi nyingi na karatasi chache.

Sasa la Moa. Uliniomba niende nikaiangalie minazi kwa macho yangu, kisha nikuandikie nilichokiona, si nilichoambiwa. Nimekwenda na nimerudi. Nianze na yale unayoyataka kwanza: mama yako ni mzima. Minazi imesimama lakini haizai. Shemeji yako Uweso anataka kuikata yote apande mkonge, na hatainua shoka bila idhini yako, kwa kuwa nusu ya shamba ni urithi wako. Ujumbe wako wa maji moto ulifika. Ulitekelezwa pia, nami nitakueleza ulivyotekelezwa nikifika mahali pake.

Nilipanda lori la mkonge hadi Duga, hapo nikaazima baiskeli. Shangazi, mama yako, nilimkuta pwani, kwenye mashimo anakofukia makumbi ya nazi, matope yamemfika magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua mgongo.

"Umekonda, Mselem. Hilo gazeti halina chakula?"

Nikamwambia kipo, ila joto limezidi. Akanionyesha shamba kwa kidevu. "Mwenzio yuko huko. Shoka kalinoa, sasa wanatazamana."

Unakumbuka shamba lilivyokuwa: milimao katikati ya minazi, mikorosho upande wa barabara, na vichaka ambavyo sisi tukiwa wadogo tulikatazwa kuviingia kwa sababu ya nyoka. Hakuna tena. Uweso amelifyeka shamba zima na kulifagia. Makuti yakianguka huyakusanya na kuyachoma. Mchanga ni mweupe kama uwanja wa msikiti, na watu wa Moa wanamsifu kwa hilo. Nilivua viatu nikavivaa tena, kwa kuwa ulikuwa unaunguza. Nilichimba kwa jembe hadi kiwiko. Mchanga mkavu juu, mkavu chini. Sikuona nyungunyungu, sikuona jongoo, sikuona hata mzizi wa nyasi. Walioko ni sisimizi weusi wadogo, wengi mno, wanaotoka mchangani na kurudi mchangani.

Chini ya kila mnazi vimelala vidaka, nazi changa, vingine vikubwa kama yai, vingine kama ngumi. Niliokota kadhaa na kuvikata. Karibu kila kimoja kilikuwa na alama ndogo ya kuchomwa, na juu ya alama utomvu ulioganda. Uweso alipanda mnazi mmoja mfupi, akaniletea mdudu aliyemkamata kwenye kole, shada la nazi: mwembamba, rangi ya kahawia, mdomo kama sindano. Huyo ndiye anayekifyonza kidaka kikiwa kichanga, kidaka kikaanguka kabla hakijawa kitale.

Nilimuuliza Uweso yeye anaonaje. Nakuandikia jibu lake lote kwa sababu si mjinga na ana watoto wa kulisha.

"Shemeji, vuli ya mwaka jana ilikuwa manyunyu. Udongo wenyewe umechoka, babu zetu wameulima, baba zetu wameulima. Wengine wanasema jicho. Mimi jicho silijui, najua mnazi usiozaa ni nguzo. Mkonge hauombi mvua."

Nilimwambia kwamba mkonge huchukua miaka kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na bei yake si ile ya wakati wa vita vya Korea. Akasema anajua. Akasema pia kwamba kungoja mkonge ni heshima kuliko kungoja vidaka.

Sasa maji moto. Ujumbe wako uliletwa na Jaku, yule mchuuzi wa mikeka wa hapo kwenu. Aliutoa mlangoni pa msikiti, upepo mzuri, wenzake wanamwita chomboni. Kwa maneno aliyoyashika Uweso, ulisema hivi: "Minazi imekosa maji moto. Itieni maji moto kabla ya masika." Jaku akaondoka. Uweso akaenda nyumbani, akateka maji, akayachemsha kwa pipa.

Alimwagia safu ya mbele yote, kwenye mashina, kwa ndoo. Mwamvua dada yako alimsaidia kuchochea moto. Watu walikuja kutazama. Kwa mujibu wa Mwamvua, waliyosema ni pamoja na haya: "Uweso, chumvi umetia?" na "Ikishaiva utuite, tuje na mkate." Uweso aliwajibu kwamba Khatib amekaa Pemba miaka mingi na watu wa Pemba wanajua dawa. Kwa hiyo jina lako limo.

Matokeo: nyasi chache zilizokuwa zimebaki mashinani zilikufa. Nyungunyungu wachache waliokuwamo kwenye kivuli cha shina walitoka juu wakafa, kunguru wakala. Makuti ya chini ya safu ile yamegeuka manjano. Mizizi ya mnazi iko juu juu, nawe unajua. Siwezi kukuambia kama safu ile itapona.

Siku ya pili nilivuka njia nikaingia kwa jirani yenu Hatibu, wajina wako. Shamba lake na lenu vinatenganishwa na njia ya baiskeli. Mchanga ni ule ule, mvua ni ile ile, upepo wa baharini unayapiga yote mawili sawa. Hatibu hafyeki, hafagii, na hachomi. Moa nzima inamcheka. Wanasema shambani kwake pana chui ambaye amezaa na kujukuu. Milimao imejiotea, mikorosho imeshikana, makuti yameoza palepale yalipoanguka. Na minazi yake imebeba hadi makole yameinama.

Nilimuuliza amefanya nini. Alikuwa amelala kitandani nje, hakuinuka.

"Sikufanya kitu, Bwana Mwandishi. Andika hivyo hivyo gazetini: Hatibu hakufanya kitu."

"Mwaka wa ngapi huu hufanyi kitu?"

"Tangu mke wangu aende kwao Maramba. Akirudi nitafyeka."

Nilichimba na kwake. Juu kuna majani yaliyooza, meusi, yananuka kama kisima. Kiganja kimoja chini udongo ni baridi na unashikamana ukiufinya. Kuna majongoo, kuna mchwa, kuna nyuzi nyeupe za ukungu zinazofunga jani kwa jani. Wakati ule ule mvua ndogo ilipita, nami nikasimama njiani kutazama pande zote mbili. Upande wenu maji yalikusanyika juu, yakatafuta mteremko, yakaenda pwani yamebeba mchanga. Upande wa Hatibu yalizama pale pale yalipoanguka. Vuli ile ile ya manyunyu, kwake ilitosha kwa sababu haikupotea, na kwa sababu kivuli hakikuliacha jua likaivute tena.

Nikaegemea mlimao ili mvua iishe. Ndipo nilipoungua. Shingo, mkono, na ndani ya kola, kana kwamba mtu amenimwagia birika. Walikuwa chungu wekundu, wale wanaoshona majani mabichi yakawa nyumba. Hatibu alicheka hadi akaketi. Moa wanawaita chungu wekundu tu, hawana jina jingine. Lakini mimi nilikumbuka nyumba yako ya Wete, mwaka ule nilipokuja harusini, na Mwanaasha akinipigia kelele nisiegemee mkarafuu: "Shemeji, hapo pana maji moto!"

Nafikiri hapo umekwisha kuelewa kilichotokea, na Uweso alielewa nilipomwambia. Akasema, "Kumbe Khatib alitaka niumwe, mimi nikapika."

Nilirudi kwenye minazi ya Hatibu nikakaa kuangalia. Chungu wale wanapanda na kushuka kila shina. Wanaingia kwenye kole, wanapita juu ya kila kidaka. Yule mdudu wa sindano nilimwona mara moja tu, na alikuwa anaburutwa. Sidai kwamba ni kheri tupu. Kwenye milimao wanafuga vidudu vyeupe kama unga kwa ajili ya utamu wanaoutoa, na majani hayo yamefunikwa na masizi. Lakini mnazi wameutunza.

Mwanzo wa yote ni mkwezi, Idarusi. Mwaka juzi aligoma. Alimwambia Uweso, mbele za watu, "Sipandi mnazi unaouma. Ukizitaka sana hizo nazi, mpandishe mkweo." Uweso aliona haya, akafunga mienge ya makuti makavu na kuvichoma viota vya chungu wekundu. Kisha akakata milimao na mikorosho wasipate pa kurudi, kisha akafagia. Mwaka wa kwanza kila mtu alifurahi: Idarusi alipanda kwa raha, na nazi zilizokwisha kukomaa zilianguliwa. Hasara ilikuja nyuma yake. Bila vichaka hapakuwa na kivuli, bila kivuli mchanga ulikauka, bila majani ya kuoza nyungunyungu walihama, na kwenye mchanga mtupu wale sisimizi weusi walijaa. Hao ni maadui wa maji moto. Wakiwakuta chini huwaua. Kwa hiyo hata wale wekundu walioko kwa Hatibu hawawezi kuvuka njia. Mdudu wa sindano amebaki peke yake na vidaka.

Kwa hiyo, kwa nilivyoona, udongo haukuchoka. Ulivuliwa nguo.

Kinachoweza kufanywa ni hiki, nami nimekihakiki na Bwana mmoja wa kilimo hapa mjini, ambaye alikubali sehemu kubwa na kutilia shaka iliyobaki. Viota vikatwe kwa Hatibu alfajiri, chungu wakiwa wamelala, vitiwe guniani, vifungwe kwenye minazi. Kamba zinyooshwe toka mnazi hadi mnazi ili wekundu watembee juu wasikanyage chini. Makuti yaachwe yaoze. Milimao ipandwe upya masika hii, na vichaka viachwe viote. Itachukua muda: kidaka kitakachoshika sasa kitakuwa nazi mwakani. Huenda kisishike. Hilo silifichi.

Idarusi nilimwuliza kama atapanda. Alisema atajipaka majivu mikono na miguu. "Lakini nikishuka mweupe hivyo, nikisikia mtu anacheka, sipandi tena."

Imebaki habari ya mama yako. Unamtaka aje kwako Wete, naye ameniambia kwamba minazi ikikatwa atakuja, kwa sababu pasipo na makumbi hana cha kusokota, na hatakaa Moa kulishwa na mkwewe. Nilimwuliza moja kwa moja kama anataka kuja. Alisema makumbi aliyoyafukia mwezi huu hayatafukuliwa hadi mwaka uishe, na Mwamvua hajui kuyapiga bila kuukata uzi. Nakuandikia alivyosema, maana yake utaipima wewe.

Asubuhi niliyoondoka alikuwa ameleta kamba za usumba, bunda zima, zilizokuwa ziuzwe Tanga. Alifunga ncha moja kwenye mlimao wa Hatibu, akaivusha juu ya njia, akaifunga ncha ya pili kwenye mnazi wa kwanza wa shamba lenu. Uweso alisimama na shoka lake.

"Mama, huo ndio nilioutia alama."

"Nimeiona alama," akasema mama yako. "Ndiyo maana nimeufunga huo."

Uweso akasema yeye anangoja neno la Khatib. Shangazi akasema vizuri, na yeye pia anangoja, na akaendelea kukaza fundo. Nilipokuwa napanda baiskeli nilitazama kamba. Chungu wekundu wawili walikuwa wamefika katikati, wamesimama. Sikungoja kuona.

Nisalimie sana Mwanaasha, na umwambie kelele zake zimetufaa. Mfikishie mama mkwe wako shikamoo yangu, na watoto wote wapate salamu zao. Sabiha anakusalimu. Uweso na Mwamvua wanakusalimu. Jaku ukimwona msalimie vilevile, lakini usimpe ujumbe.

Mwenyezi Mungu akuzidishie afya na akuonyeshe lililo jema. Masika inakaribia. Andika kwa mkono wako mwenyewe neno moja, "ikatwe" au "isikatwe", na usiongeze jingine. Huku neno linaloweza kuchemshwa, huchemshwa.

Ndimi nduguyo akupendaye,

Mselem